Kalori ngapi kwa siku? Namna ya kupiga hesabu kwa anayetaka kupunguza kilo bila kujidhuru

Mama mmoja wa kwaya alirudi kutoka kituo cha afya na karatasi ndogo mkononi. Muuguzi alikuwa amempima tansio, akampandisha juu ya mizani, kisha akaandika mistari miwili: jina la dawa ya tansio, na chini yake "rejimu, 1500 kcal". Kesho yake mama akapita kwangu nyumbani. "Baba Mchungaji, dawa ya kwanza nimeipata. Hii ya pili nimezunguka farmasi tatu, wanasema hawaijui."

Sikucheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeandikiwa karatasi kama hiyo miaka miwili mbele yake, na nilikuwa nimeifanyia hesabu mbaya. Nitaeleza kosa langu chini. Katika miji yetu, Bukavu, Goma, Butembo, Bunia, Uvira, watu wengi wanaambiwa "punguza kilo" na hakuna mwenye nafasi ya kukaa nao ili awaonyeshe namna gani. Makala hii ni kwa ajili yao. Si kwa ajili ya ndugu zetu walio kambini au wanaokula mara moja kwa siku. Najua katika ibada moja wanakaa benchi moja, yule anayetafuta chakula na yule ambaye chakula kimemletea ugonjwa, na si vizuri kumficha wa pili kwa sababu ya wa kwanza.

Kalori ni kitu gani

Kalori si dawa wala vitamini. Ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula, kama vile lita ni kipimo cha mafuta ya gari. Kile tunachokiita kalori katika mambo ya chakula, kwa jina kamili ni kilokalori, na ndiyo maana muuguzi aliandika "kcal". Kilokalori moja ni moto unaotosha kuongeza joto la kilo moja ya maji kwa digri moja. Kwenye mikebe na pakiti za dukani utaona pia herufi "kJ". Ni kipimo kingine cha jambo lile lile: kcal 1 ni sawa na kJ 4,18. Usichanganye viwili hivyo, utaogopa bure.

Mwili unachoma kalori mchana na usiku. Hata ukilala, moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo unafanya kazi, na damu inabaki na joto lake. Ukila kuliko unachochoma, kinachobaki kinawekwa akiba, na akiba ya mwili ni mafuta. Ukila pungufu, mwili unafungua akiba. Hesabu yote tutakayofanya inasimama juu ya neno hilo.

Chakula chote kinaweza kugawanywa katika vitu vichache. Gramu moja ya wanga au sukari inatoa kalori 4. Gramu moja ya protini, 4 pia. Gramu moja ya mafuta inatoa 9. Pombe, kwa wale inaowahusu, inatoa 7 kwa gramu, na haishibishi. Tarakimu hizi zilitokana na kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19, na hata leo pakiti za chakula zinaandikwa kwa kuzifuata. Kwa habari ya jikoni letu, kumbuka hasa ile 9. Tutairudia tutakapofika kwenye chungu cha sombe.

Kwanza: je, wewe unahitaji kupunguza?

Mbeligiji mmoja wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, mtu wa hesabu, ndiye aliyefikiria kulinganisha uzito wa mtu na urefu wake. Unachukua kilo zako, unazigawa kwa urefu wako kwa meta, halafu unagawa tena kwa urefu ule ule. Jibu likiwa kati ya 18,5 na 25, uko mahali pazuri. Kutoka 25 mpaka 30, uzito umeanza kuzidi. Kutoka 30 kwenda juu, waganga wanaita unene wa kupita kiasi. Chini ya 18,5, ndugu, achana na makala hii na uongeze chakula.

Mama wa kwaya alikuwa na kilo 84 na urefu wa meta 1,58. Gawa 84 kwa 1,58, utapata 53,2. Gawa tena kwa 1,58, utapata 33,6. Amezidi.

Kipimo hicho hakioni kila kitu. Mtu anayebeba mizigo bandarini anaweza kuwa mzito kwa misuli tu. Ndiyo maana ongeza kipimo cha pili, ambacho hakiombi mizani: utepe wa fundi cherehani ukizungushwa tumboni. Mwanamke akipita sentimita 80, mwanaume akipita 94, hatari ya sukari na moyo imeanza kupanda, kwa sababu mafuta ya tumbo ndiyo mabaya zaidi kuliko yale ya mapaja au makalio.

Kuna pia watu ambao hawapaswi kupunguza chakula kwa hesabu hii, hata kama wanajiona wanene: mwenye mimba, anayenyonyesha, mtoto na kijana anayekua, mgonjwa wa kifua kikuu au mtu anayeanza dawa za UKIMWI. Mwenye ugonjwa wa sukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge kama glibenklamide asianze kabla ya kumwambia muganga wake. Dawa inashusha sukari, na chakula kikipungua pia kinaishusha. Vyote viwili pamoja vinaweza kumwangusha mtu barabarani. Na ukiona kilo zinashuka zenyewe bila wewe kubadilisha chochote, usishukuru. Nenda upimwe.

Hesabu yenyewe

Tunatafuta kwanza kalori ambazo mwili unachoma ukiwa umelala tu, bila kazi. Kuna hesabu ya zamani ya Harris na Benedict, ya mwaka 1919. Mimi natumia ile ya Mifflin na St Jeor, iliyotolewa Marekani mwaka 1990, kwa sababu inakaribia ukweli zaidi kwa watu wa siku hizi. Iko hivi:

Kilo zako mara 10. Ongeza urefu wako kwa sentimita mara 6,25. Ondoa miaka yako mara 5. Ukiwa mwanaume, ongeza 5. Ukiwa mwanamke, ondoa 161.

Tumfanyie mama wa kwaya, mwenye miaka 46 wakati ule. Kilo 84 mara 10 ni 840. Sentimita 158 mara 6,25 ni 987,5. Jumla ni 1827,5. Miaka 46 mara 5 ni 230; tukiondoa, inabaki 1597,5. Tukiondoa 161, tunapata 1436,5. Basi mama huyu akilala kitandani siku nzima, mwili wake unachoma karibu kalori 1436.

Lakini halali kitandani siku nzima. Kwa hiyo tunazidisha kwa namba ya kazi:

1,2 kwa mtu anayekaa muda mwingi: ofisini, dukani, ndani ya gari.
1,375 kwa mwenye kutembea kidogo au kufanya mazoezi siku chache kwa wiki.
1,55 kwa mwenye kujishughulisha kweli karibu kila siku.
1,725 kwa mwenye kazi nzito: mama anayelima tangu asubuhi, anayepandisha maji mlimani, fundi wa kujenga, mbeba mizigo.

Mama wetu anauza vitenge sokoni. Anakaa, lakini anakwenda na kurudi kwa mguu. Tulimpa 1,375. Hesabu: 1436,5 mara 1,375 ni 1975. Hizo ndizo kalori zinazomfanya abaki na kilo zake 84, bila kupanda wala kushuka. Akiondoa 500 kwa siku, anapata 1475. Muuguzi wake alikuwa ameandika 1500. Unaona, karatasi ile haikuwa uchawi. Mtu alikuwa amepiga hesabu, au alijua kwa uzoefu, ila hakueleza.

Sasa kosa langu. Nina meta 1,74, wakati ule nilikuwa na miaka 44 na kilo 97. Kulala tu, mwili wangu ulikuwa unachoma 1842. Nilipofika kwenye namba ya kazi nikajiambia: mchungaji anazunguka, anatembelea wagonjwa, anakwenda mazishi, anasimama mimbarani. Nikajipa 1,55. Nikapata 2856, nikaondoa 500, nikala 2350 kwa siku kwa uaminifu mkubwa, nikihesabu mpaka vijiko. Mwezi ukapita na kilo zangu zikapanda kidogo.

Mke wangu ndiye aliyeona. Aliniuliza, "Unazunguka, ndiyo, lakini unazunguka juu ya nini?" Nilikuwa nazunguka juu ya pikipiki. Wagonjwa nawatembelea nimekaa, na ndani ya kila nyumba wananipa soda. Mikutano ya kamati inachukua saa nne, nimekaa. Namba yangu ya kweli ilikuwa 1,2, yaani 2211 kwa siku. Zile 2350 nilizoziita rejimu zilikuwa zaidi ya nilichochoma. Tangu hapo nawaambia watu wote: ukisita kati ya namba mbili za kazi, chukua iliyo chini. Karibu kila mtu anajiona anafanya kazi nyingi kuliko anavyofanya.

Kwa nini 500, na kwa nini si 1000

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba karibu kalori 7700. Ukiondoa 500 kila siku, kwa wiki ni 3500, karibu nusu kilo. Hivyo ndivyo hesabu inavyosema. Mwili hautii hesabu kwa unyofu hivyo: kadiri unavyopungua, unachoma kidogo zaidi, na mwendo unazidi kuwa wa polepole. Mara nyingi wiki ya kwanza watu wanapoteza kilo mbili na kushangilia. Sehemu kubwa ni maji. Wiki ya tano wanapoteza gramu 300 na kulia. Hizo gramu 300 ndizo mafuta ya kweli.

Mtu anayetaka haraka anauliza: kwa nini nisile 800 tu, nimalize mapema? Sheria ambayo waganga wanaifuata ni kwamba mwanamke asishuke chini ya 1200 na mwanaume chini ya 1500 bila muganga kumfuata kwa karibu. Chini ya hapo ni vigumu kupata protini, chuma na vitamini zinazotosha, na mwili unaanza kula misuli yake.

Jambo hili lilipimwa kwa watu. Mwishoni mwa 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana 36 walijitolea kukaa na njaa ili waganga wajifunze namna ya kuwalisha tena watu wa Ulaya waliokuwa wanakufa kwa njaa ya vita. Wengi wao walitoka katika makanisa yanayokataa kushika silaha, Wabrethren, Wakweka na Wamennonite. Walikataa vita, wakatoa miili yao kwa njia hii. Kwa wiki 24 walipewa karibu kalori 1570 kwa siku huku wakitembea kilometa nyingi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mioyo yao ilipiga polepole, walihisi baridi wakati wa joto, walikasirika bure, waliota chakula usiku, na wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Walipoachiwa kula, wengi walikula bila kushiba kwa miezi. Ancel Keys, aliyeongoza kazi hiyo, aliichapisha mwaka 1950.

Angalia kitu kimoja: 1570 ni zaidi ya zile 1475 za mama wa kwaya. Lakini wale walikuwa vijana wanaume, wembamba tangu mwanzo, waliozoea kalori 3200. Kwao ilikuwa nusu ya mahitaji. Kwa mama yetu, 1475 ni robo tatu, na ana akiba. Kwa hiyo usikope namba ya jirani yako. Namba bila mtu wake haina maana.

Na huhitaji kurudi kuwa kama siku ya harusi yako. Asilimia 5 mpaka 10 ya uzito inatosha kushusha tansio na sukari kwa kiasi kinachoonekana. Uchunguzi mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2002 uliwafuata watu waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya ugonjwa kwa asilimia 58, kuliko hata wale waliopewa vidonge. Asilimia 7 ya kilo 84 ni kilo 6 hivi. Tukamwandikia mama lengo: kilo 78, na tukampa miezi mitano.

Ndani ya chungu

Hapa ndipo rejimu zinazotoka Ulaya zinatuacha njiani. Zinasema yogati, saladi, kifua cha kuku. Sisi tuna bugali, sombe, maharagi, sambaza, ndizi. Na wengi wakisikia "punguza" wanaondoa bugali yote, wanakaa siku mbili, siku ya tatu wanakula bugali ya siku tatu.

Hebu tuhesabu. Unga wa mihogo au wa mahindi, gramu 100 zikiwa kavu, una kalori karibu 355. Maji unayosongea hayana kalori. Bugali ya unga wa gramu 120, ambayo ni kiasi cha ngumi mbili, ina 425. Mchele mkavu ni karibu sawa na unga. Viazi mviringo vya kuchemsha vina 85 hivi kwa gramu 100, lakini ukivikaanga vinapita 250. Viazi vitamu vya kuchemsha navyo ni karibu 85. Ndizi ya kupika iliyochemshwa, karibu 120. Maharagi yaliyopikwa, 130 kwa gramu 100, na yanashibisha muda mrefu kwa sababu ya protini na nyuzi zake. Yai moja, 75. Avoka, 160 kwa gramu 100 za nyama yake. Ni nzuri, lakini avoka zetu za Kivu ni kubwa, nusu inatosha. Karanga, zaidi ya 550 kwa gramu 100, na mkono unazichukua bila kuhesabu. Soda ya santilita 33 ina karibu 140, na zote ni sukari.

Sasa mafuta ya mawese. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120. Mama alinieleza anavyopika sombe ya watu sita: anamimina "mpaka rangi ipendeze". Nilimwomba apime kesho yake kwa chupa. Ilikuwa santilita 30. Ni gramu 273 za mafuta. Mara 9, ni kalori 2457 ndani ya chungu kimoja. Kila mtu, 410 kwa mafuta peke yake, kabla ya bugali, kabla ya samaki. Akipika kwa santilita 10, kila mtu anapata 136. Tofauti ni kalori 274 kwa mlo mmoja, na sahani inaonekana vile vile.

Kisha chai. Alikuwa anaweka vijiko vinne vya sukari, vikombe vitatu kwa siku. Kijiko kidogo ni kalori 16, kwa hiyo 192. Kijiko kimoja kwa kikombe ni 48. Ameokoa 144. Jumlisha na mafuta: 418. Aliongeza kuacha mandazi moja ya saa nne, ambayo haikosi 150. Tayari tumepita 500, na hatujagusa bugali hata kidogo.

Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Watoto wanakula kwenye chungu hicho hicho, na wao wanahitaji mafuta. Mawese mekundu yanawapa pia kile kinachogeuka kuwa vitamini A, kinga ya macho yao. Usiwaweke watoto kwenye rejimu ya mama yao. Pika chungu kwa mafuta kidogo, halafu ongeza kijiko cha mawese juu ya sahani ya kila mtoto. Mama wa kwaya aliona hivyo ni kazi zaidi kwa wiki ya kwanza, baadaye hakulalamika tena.

Jambo la pili ni sahani. Nyumba nyingi tunakula kwenye sinia moja, na ni desturi nzuri. Lakini kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, na anayekula haraka anakula zaidi. Kwa miezi michache, anayepunguza ajipakulie kwenye sahani yake, akae na wengine pale pale, na akimaliza asiingize mkono kwenye sinia.

Siku moja ya kalori 1475 inaweza kuwa hivi. Asubuhi: chai yenye maziwa nusu glasi na kijiko kimoja cha sukari, yai, mkate gramu 60, karibu 310. Mchana: bugali ya gramu 120 za unga, sombe ya mafuta kidogo, sambaza kavu gramu 30, karibu 715. Jioni: maharagi gramu 200 na nusu kijiko cha mafuta, kiazi kitamu kidogo, lengalenga nyingi kadiri unavyotaka, karibu 425. Jumla 1450, na kipande cha papai kinamaliza hesabu. Siku nyingine utabadilisha. Usiache protini, yaani maharagi, samaki wadogo, mayai au soya, hasa kama bugali yako ni ya mihogo tupu, ambayo karibu haina protini. Bila hiyo, kilo zinazoondoka ni misuli.

Kutembea kunasaidia, lakini kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Mtu wa kilo 84 akitembea kilometa 4 anachoma kalori 200 hadi 250. Soda mbili zinarudisha zote. Faida yake kubwa ni kwa moyo, kwa sukari na kwa kulinda kilo zisirudi. Shuka kwenye pikipiki mbele kidogo ya nyumba. Milima ya Bukavu itafanya kazi iliyobaki.

Mambo yanayovunja hesabu

Ugeni. Kwa mchungaji, hili ni gumu kuliko njaa. Ukikataa chakula cha mtu umemkataa yeye. Nilijifunza kusema mapema, kwa simu, "Mama, nakuja, nitafurahi ukinipa maji na kipande cha ndizi." Anayejua mbele haumii. Karamu za harusi nilizihesabu kama siku ya kupumzika hesabu, bila kujilaumu, na kesho yake kurudi kwenye sahani yangu.

Kufunga. Wengine wamegeuza maombi ya kufunga kuwa rejimu. Siku tatu bila chakula zinaondoa maji na sukari iliyowekwa akiba kwenye ini na misuli, na mizani inashuka. Unapokula tena, inarudi yote. Nani afunge na kwa sababu gani ni jambo la kuzungumza na Mungu, lakini si njia ya kupunguza kilo, na kwa mwenye sukari anayemeza dawa ni hatari niliyoitaja juu.

Vidonge na majani ya kupunguza tumbo. Mengi ya majani hayo yanaharisha tu. Unapoteza maji na chumvi, mafuta yanabaki palepale. Kinyume chake kipo pia: vidonge vya "kuongeza mwili" ambavyo wasichana wetu wananunua sokoni. Mara nyingi ndani yake kuna deksametazone au siproheptadine. Deksametazone ikimezwa muda mrefu bila muganga inapandisha sukari na tansio, na kuikatisha ghafla ni hatari pia. Ukiwa umeimeza, mwambie muganga wazi.

Na midomo ya watu. Kwetu mwili mnene umekuwa alama ya baraka na ya mume anayelisha. Niliposhuka mpaka kilo 88, shemasi mmoja alikuja kuniombea bila kuniambia anaombea ugonjwa gani. Mama wa kwaya alipata mabaya zaidi. Mwezi wa tatu, akiwa na kilo 80, jirani walianza kunong'ona kwamba ana ugonjwa ule, wengine kwamba mumewe amepata mwanamke mwingine na hali chakula kwa huzuni. Alitaka kuacha. Mumewe ndiye aliyemaliza maneno: siku ya Mungu, nje ya kanisa, alisema mbele ya watu kwamba tansio ya mke wake ilikuwa 17 na sasa ni 14, na kwamba mafuta ya mawese yanayobaki wanayauza. Watu walicheka. Wanawake wawili walimfuata mama wakamwomba ile hesabu.

Kufuatilia

Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, kabla ya kula, na nguo nyepesi. Usijipime kila siku. Maji ya mwili yanapanda na kushuka kilo nzima bila sababu ya chakula. Kama huna mizani, kituo cha afya kinayo, na utepe wa tumboni unasema karibu mambo yale yale. Andika kwenye daftari.

Hesabu ya Mifflin ni makadirio. Inaweza kukosea kwa asilimia 10 juu au chini, ndiyo maana mizani ndiyo hakimu. Fuata namba yako wiki nne. Ikiwa kilo zinashuka kati ya robo na nusu kilo kwa wiki, baki hapo. Ikiwa hazishuki, kabla ya kupunguza, pima tena mafuta na sukari, kwa sababu mkono unasahau. Kisha ondoa 100 au 150. Ikiwa zinashuka zaidi ya kilo moja kwa wiki baada ya wiki mbili za kwanza, au unahisi kizunguzungu, ongeza chakula. Na mwenye dawa ya tansio apimwe mara kwa mara, kwa maana kipimo cha dawa kinaweza kuhitaji kubadilishwa. Hilo muganga ndiye anaamua, si wewe, wala mchungaji.

Kila ukipoteza kilo 5 hivi, anza hesabu upya. Mama wa kwaya alifika kilo 78 mwezi wa saba, si wa tano. Alikuwa ametimiza miaka 47. Tulikaa tena na karatasi: 780, ongeza 987,5, ondoa 235, ondoa 161, inabaki 1371,5. Mara 1,375, ni 1886. Akiondoa 500 angebaki na 1386. Alifikiri kidogo, akasema hiyo ni njaa, ataondoa 300 tu na kwenda polepole. Tukaandika 1586.